Moto ubaki jikoni, joto ndilo liingie chumbani

1/10

Wamama wa Karagwe na Kyerwa, na nyie mababa mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu, leo nina mada ndefu, nimeigawa vipande kumi. Shika mtoto wako, kaa vizuri, usome mpaka mwisho. Ukiwa na haraka soma cha 2, cha 6 na cha 10, vingine utarudi.

Kwenye wodi ya wazazi kuna sentensi nimeisema mara nyingi sana: "Mama, hakikisha mtoto anapata joto." Naisema wakati namkabidhi mama kadi, yeye anakusanya vitenge vyake, na nje bodaboda anapiga honi. Mama anaitikia "sawa nesi," anaondoka.

Sasa jiulize. Joto la kutoka wapi? Anarudi nyumbani Kaisho, au Nkwenda, au Rwambaizi. Mwezi wa sita au wa saba, usiku baridi inakata. Au ni msimu wa mvua, nguo za mtoto zina siku mbili kwenye kamba na hazijakauka. Mimi nimemwagiza joto na sikumwambia alitoe wapi. Kwa hiyo analitoa pale anapolijua: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala.

Maoni yangu ya leo ni haya: hilo jiko lisilale na mtoto hata usiku mmoja. Na kosa la kwanza si la mama. Ni letu sisi tunaosema "joto" halafu tunanyamaza.

2/10

Niwaambie kwa nini nimeamua kuandika. Mambo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane.

Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu, kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi. Waliletwa watu watatu kwa mpigo: mama aliyejifungua, bibi, na mtoto wa siku tisa. Mama alikuwa anatapika, anasema kichwa kinapasuka. Bibi anasema miguu haimbebi. Mtoto amelegea, hanyonyi, analia kwa sauti ndogo kama ya paka.

Tukafanya kile tunachofanya kila siku. Kipimo cha malaria: hakuna malaria. Kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni, kilionyesha 98 kwa mama. Tukasema hewa iko vizuri. Tukawaza chakula, huenda walikula kitu kibaya usiku. Lakini mtoto wa siku tisa hali maharage ya jana. Hapo tulitakiwa kusimama tukajiuliza: hawa watatu wameshirikiana kitu gani? Hatukujiuliza haraka.

Aliyeuliza ni mama wa usafi, akiwa na ndoo yake mlangoni: "Mlilala na jiko?"

Bibi akajibu, ndiyo, tulilala na jiko, mtoto alikuwa na baridi.

Tukawawekea oksijeni, tukaita gari la kuwapeleka mbele. Mama alipona. Bibi alipona. Mtoto hakufika saa saba mchana.

Yule mama aliniangalia akaniuliza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Nesi, si mlisema apate joto?"

Sina jibu mpaka leo. Haya ninayoandika ndiyo jibu nililotakiwa kumpa siku anaruhusiwa.

3/10

Mkaa unafanya nini ukiwa chumbani?

Mkaa ukiungua mahali penye hewa kidogo unatoa gesi inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho. Ndiyo maana watu hawaamki. Moshi wa kuni angalau unakukoholesha mpaka utoke nje. Hii inakulaza.

Fikiria damu yako ina bodaboda wanaobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye ubongo na moyo. Kaboni monoksidi inapanda kile kiti na kuking'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria hashuki. Bodaboda wote wamejaa, na ubongo unakaa bila oksijeni. Na kile kipimo cha kidoleni kinadanganyika, kwa sababu kinaona kiti kimekaliwa bila kujua amekaa nani. Ndiyo maana kilituandikia 98.

Mtoto mchanga anaumia haraka kuliko mtu mzima kwa sababu anapumua haraka zaidi. Mjamzito naye asikae karibu na jiko ndani: gesi hii inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni, na kutoka kwake inachelewa kuliko inavyotoka kwa mama.

Najua mnachotaka kuniambia, nimeshakisikia chote:

"Nesi, mimi nasubiri mkaa uwe mwekundu, moshi uishe." Kuisha kwa moshi si kuisha kwa sumu. Mkaa mwekundu, mzuri, usio na moshi, unaitoa.

"Naweka beseni la maji pembeni." Maji hayaikamati. Beseni litakusaidia kunawa miguu tu.

"Nafunika na majivu." Mkaa unaendelea kuungua chini ya majivu polepole usiku kucha, sumu inatoka polepole usiku kucha.

"Naacha dirisha wazi kidogo." Umelala, hujui upepo umegeuka saa ngapi. Na dirisha likiwa wazi kiasi cha kutoa sumu yote, limetoa na joto lote. Sasa jiko ulilileta la nini?

4/10

Hapa bibi anasimama. Na bibi tumheshimu, maana amelea watoto wanane na mimi nimelea wawili. Anasema: "Sisi tulizaa kwenye msonge, moto katikati ya nyumba, mbona mko hai?"

Bibi, shikamoo. Unasema kweli, na nakujibu kwa adabu zote.

Msonge ulikuwa unapumua. Paa la nyasi kuanzia juu mpaka chini, hewa inapenya kila mahali, mlango hauzibi kabisa. Sasa tembea leo Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, hata vijijini ndani kabisa. Kahawa imeuzwa vizuri, nyumba imepanda: matofali ya kuchoma, plasta, bati, dari ya jipsamu, madirisha ya vioo yenye mpira pembeni yasiyoingiza hata vumbi. Nyumba nzuri, hongereni. Lakini hiyo nyumba imezibwa. Ukiingiza moto wa msonge kwenye nyumba ya vioo, hewa ya kuusafisha haipo.

Tumebadilisha nyumba, moto tumeuacha vilevile. Hapo ndipo hatari ilipo. Aliyejenga vizuri na kuziba vizuri anaweza kuwa hatarini kuliko jirani yake mwenye nyumba ya miti na udongo.

Na bibi, sijasema msonge ulikuwa salama. Macho mekundu, kifua kila mwezi, mtoto aliyeungua akitambaa, hayo tuliyaona tukayaita kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hao ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mtoto anayevuta moshi huo, hatari ya kupata nimonia inakaribia kuwa mara mbili. Wengi wetu tuko hai, ndiyo. Ila tunaohesabiwa ni tuliobaki.

5/10

Sasa sikilizeni kitu kilichonifungua macho.

Mdogo wangu anaishi Ujerumani. Kule baridi si ya mchezo, barafu inaanguka. Nikamuuliza siku moja kwenye simu, mtoto wako unampashaje joto? Akanionyesha kwa kamera chuma fulani kimeshikizwa ukutani chini ya dirisha, akasema kipya hicho, wamekibadilisha juzi.

Nikauliza moto uko wapi. Akacheka. Moto uko chini kabisa ya jengo, kwenye chumba chake, na moshi wake una bomba la kuupeleka nje. Pale chini maji yanachemshwa, yanapita kwenye mabomba ndani ya kuta, yanafika kwenye kile chuma, yanatoa joto chumbani, halafu yanarudi chini kupashwa tena. Ni kama rejeta ya gari: injini iko kule, maji yanabeba joto, rejeta inalitoa.

Na kubadilisha hicho chuma hawakubomoa nyumba. Fundi alipima umbali kati ya bomba la kuingiza na la kutoa, akaleta kipya kinacholingana na mabomba yaliyopo. Akafunga vali, akamwaga maji, akafungua cha zamani, akafunga kipya, akajaza maji na kutoa hewa iliyobaki ndani. Mabomba ya zamani yakabaki vilevile. Saa chache kazi imeisha.

Nikakaa nikawaza. Sisi hatuna mabomba ya joto ukutani, wala sisemi tuyatafute. Baridi yetu ya Kagera haihitaji hayo. Lakini kuna mambo mawili pale tunaweza kuyachukua bure.

La kwanza: hata wenye baridi kali kuliko yetu hawalali na moto. Moto unakaa mbali, joto ndilo linasafirishwa.

La pili: huhitaji nyumba mpya. Unabadilisha kile kinachotoa joto, na unakifunga kwenye kile ulichonacho tayari.

Basi tuangalie una nini tayari.

6/10

Kitu cha kwanza ulichonacho ni kifua chako.

Usicheke. Mwili wako una mabomba yake, yamejaa damu yenye joto la nyuzi 37 hivi, na hayahitaji mkaa. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Yaani joto analolihitaji ndilo ulilonalo.

Unafanya hivi. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Muweke wima katikati ya matiti yako, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeukia upande mmoja ili pua na mdomo vionekane. Mfunge na kitenge kwa nguvu ya kutosha asiteleze, lakini aweze kupumua. Juu yake vaa sweta au jifunike blanketi, usimfunike uso. Kaa umeegemea mito, usilale chali kabisa.

Hii tunaiita njia ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwapashia joto. Ilianza kwa sababu ya upungufu, baadaye ikaonekana inaokoa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika nchi tano ikiwemo Tanzania yetu, ulichukua watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubiri mpaka hali itulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: kwa njiti, kangaroo ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, hospitali au nyumbani.

Sasa kama inampasha kilo moja na nusu, wako wa kilo tatu itamshinda?

Na baba mtoto, usikimbie. Kifua chako kina joto lilelile. Mama akienda kuoga, akila, akiwa amechoka, vua shati umfunge mtoto. Nimeona wanaume wa Nyaishozi wanaona aibu siku ya kwanza, siku ya tatu wanagombania zamu. Masharti mawili tu: asiyeweza kukaa macho amrudishe mtoto kitandani au ampe mwingine, na aliyekunywa rubisi asimshike kabisa. Na usisinzie naye kwenye kochi, mtoto anaweza kuteleza akabanwa.

Halafu usimuogeshe mtoto mara tu anapozaliwa. Subiri saa 24. Ule unga mweupe kwenye ngozi si uchafu. Mfute akauke, hasa kichwa. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto jingi linatokea hapo.

7/10

Kitu cha pili ulichonacho ni maji. Hii ndiyo rejeta yetu ya Karagwe.

Jiko libaki jikoni au uani. Jioni ukimaliza kupika, mkaa bado una moto, weka sufuria ya maji. Mengine jaza kwenye chupa ya chai, yatakusaidia usiku kumfuta mtoto bila kuwasha moto tena. Mengine subiri yapoe kidogo, yasiwe yanachemka, ujaze kwenye dumu gumu la lita tano lenye kifuniko kisichovuja. Chupa laini za soda zinajikunja kwa maji ya moto, usitumie. Kama una ule mfuko wa mpira wa maji ya moto unaouzwa duka la dawa, vizuri zaidi.

Funga dumu kwa kitenge mara mbili, liweke kitandani chini ya blanketi dakika kama ishirini. Kitanda kinapata joto. Halafu, na hapa mama nisikilize vizuri, ondoa dumu kabla hujamlaza mtoto. Ngozi yake ni nyembamba, anaungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida, na hawezi kujisogeza. Dumu liende miguuni kwako wewe mzazi, maana na wewe unahitaji joto. Mama mkwe anaposema mzazi asikae kwenye baridi, hajakosea. Amekosea jiko tu.

Kisha tazama chumba. Joto linavuja wapi?

Kitanda kisigusane na ukuta wa nje wala kisiwe chini ya dirisha. Kisogeze. Godoro likiwa sakafuni, tandika mkeka na maboksi chini yake, saruji inanyonya joto. Kama una bati tupu bila dari, hata dari ya mikeka juu ya kitanda inasaidia. Upepo unaopita chini ya mlango zuia kwa nguo iliyoviringishwa. Tundu za hewa za juu ukutani ziache, watu wanapumua humo ndani.

Nguo: mvalishe nyepesi nyingi badala ya moja nzito. Nepi ikilowa badilisha saa hiyohiyo, nepi yenye maji inampoza kuliko baridi ya nje. Na usizidishe: mtoto anayetoka jasho shingoni amevikwa kupita kiasi, mpunguzie.

8/10

Hiki ni cha wenye umeme. Wengi mnaniuliza inbox.

Hita ya chumba ya umeme haitoi ile sumu, ni kweli. Lakini piga hesabu. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Ikiwaka bila kujizima saa nane za usiku, uniti 16 za LUKU zimekwenda. Ukiweza, iwashe nusu saa kabla ya kulala, upashe chumba, uzime. Ichomeke ukutani moja kwa moja, usitumie ekstensheni yenye chaja tatu na redio. Iwe mbali na chandarua. Chandarua kikishika moto hakikupi muda.

Sasa hita ya bafuni, ile inayofungwa kwenye bomba la mvua na kuchemsha maji papo hapo. Zimeingia sana kwenye nyumba mpya, na mama aliyetoka kujifungua anaipenda, namuelewa. Uzuri wake ni kama ule wa mdogo wangu: inafungwa kwenye bomba lililopo, hubomoi ukuta. Lakini bomba kukubali si umeme kukubali. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 25. Ukiiunganisha kwenye waya wa taa wa 1.5 uliokuwepo, waya unachemka ndani ya ukuta. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye breka yake, mnene, wa 4 au 6 kutegemea hita na umbali. Inahitaji ethi inayofanya kazi kweli, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Hapo umesimama peku, umelowa, umebeba mtoto. Mwambie fundi umeme aliyesajiliwa apime ethi mbele yako. Asiyekuwa na kipimo si fundi wa hita. Ukigusa bomba ukasikia hata kashoti kadogo, toka, zima meni switchi, usiitumie tena mpaka ikaguliwe.

Na kama unataka lile tanki linalotunza maji ya moto, usiliunganishe kwenye bomba za kawaida za plastiki za maji baridi. Zinalainika kwa moto na viungo vinaachia. Upande wa maji ya moto unataka bomba za PPR, mara nyingi ndizo zile za kijani. Uliza kabla ya kununua.

Jiko la gesi nalo: serikali inahimiza nishati safi ya kupikia, na lengo la mkakati wa taifa ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila mazungumzo mengi ni ya kupika. Kuhusu kupasha joto tumekaa kimya. Jiko la gesi ni la kupikia, usiliwashe chumbani mlale.

9/10

Sasa maoni yangu yenyewe, na najua wenzangu wengine hawatayapenda.

Tumezoea kumlaumu mama. Likitokea jambo tunasema "ujinga," "imani za zamani," "hawasikii." Mimi nasema hapana. Yule mama alisikia. Alisikia neno moja tulilompa na akalifanyia kazi kwa kitu alichokuwa nacho. Aliyesikia nusu ya maelezo kwa sababu aliambiwa nusu, hana kosa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Wauguzi wenzangu, kwenye kliniki ya wajawazito tunamuuliza mama atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, ameweka akiba ya usafiri, ameandaa vitenge na glavu. Tuongeze swali moja: "Mtoto atalala chumba gani na atapata joto la wapi?" Linachukua dakika mbili. Na siku ya kuruhusu, mama afunge mtoto kifuani mbele yetu, tumuone kwa macho, kabla hajapanda pikipiki. Na asubuhi yoyote watu wawili watatu wa nyumba moja wakija na kichwa na kutapika, tuulize jiko kabla ya kufunga faili la malaria. Yule mama wa usafi alituzidi kwa swali moja.

Mababa, joto liwe kwenye bajeti yako kama vile nyama na ndizi za mzazi. Blanketi moja zito, dumu lisilovuja, chupa ya chai, kofia mbili za mtoto. Sogeza kitanda mapema. Hivyo ndivyo vifaa vyote vya kupasha joto nyumba yako. Havifiki bei ya jeneza dogo, nisamehe kwa kusema hivyo, ila nimeona vyote viwili vikinunuliwa.

Mabibi na mama wakwe, nyie ndio mnaoamua chumba cha mzazi, tusidanganyane. Binti wa miaka 20 hawezi kutoa jiko uliloingiza wewe. Ukisema "litoke," linatoka. Nakuomba uwe wewe wa kusema.

10/10

Ya kuandika ukutani:

Ukiamka kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na mwenzako hivyohivyo, na kulikuwa na jiko ndani: usikae kujadili. Fungua mlango, toa watoto kwanza, tokeni wote nje kwenye hewa. Usirudi kutafuta simu. Halafu nendeni hospitali hata kama mkishatoka nje mnajisikia nafuu, na mseme neno hili kabla ya yote: "Tulilala na jiko la mkaa." Dawa yake kubwa ni oksijeni, na kila dakika ina maana, zaidi kwa mjamzito na mtoto mchanga.

Mtoto akiwa na miguu ya baridi peke yake, muweke kifuani umfunike. Lakini tumbo na mgongo vikiwa vya baridi, au amelegea, au hanyonyi, au anapumua kwa shida, au ana homa: muweke kifuani, mfunike, na safari ianze. Kifuani ndiyo njia ya kumsafirisha. Usisubiri asubuhi.

Mimi bado nasema ile sentensi yangu pale wodini. Ila siku hizi naimalizia: "Mama, hakikisha mtoto anapata joto, na joto ni wewe. Jiko libaki nje."

Kama una mjamzito kwenye familia, mtumie hiki kabla ya mwezi wake. Kama hana simu kubwa, msomee. Na leo usiku kabla hujafunga mlango, angalia pembeni ya kitanda kuna nini.

Mlale salama.